Huria Mpaka Mvua Inyeshe

Machi 2

Mvua ya kwanza. Paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la vitabu, upande wa wanafalsafa. Washairi wamesalimika tena. Sijui wamehonga nani. Nimeweka ndoo.

Kaka na mkewe wanakaa chini yangu, na ndoo ikijaa maji hupenya sakafuni na kudondokea kitanda chao. Asubuhi nilisikia sauti yake ikipanda ngazi: "Mdogo wangu, ndoo imejaa." Nikasimama na mswaki mdomoni, natabasamu kama mwendawazimu. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa hospitali, saratani imetolewa kooni pamoja na kisanduku chote cha sauti. Huyu ni mtu aliyekuwa dalali wa mnada maisha yake yote, anayeitwa Nyundo hata na daktari wake. Kabla ya upasuaji alikaa wiki nzima mbele ya maikrofoni akisoma sentensi. Sasa anaandika kwenye tabuleti, na tabuleti inasema kwa sauti yake mwenyewe.

Nashukuru. Naliandika neno hili ukurasa wa kwanza kwa sababu wanaonisoma gazetini wanadhani silijui.

Machi 5

Makala yangu imetoka: "Sauti Isiyo na Bwana". Nimewaeleza wasomaji kwamba programu inayomsemea kaka ni programu huria. Kampuni yenyewe inatangaza hivyo kwa herufi za ukubwa wa kichwa changu. Maana yake, nikawaeleza, ni kwamba msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko mezani kwa kila mtu: unautumia utakavyo, unauchungulia ndani, unaubadili, unampa mwenzako, na huombi ruhusa ya mtu. Nikafunga hivi: "Hakuna atakayeweza kumzima kaka yangu tena."

Sentensi nzuri. Nimeisoma mara kadhaa.

Machi 9

Barua kwa mhariri, kutoka kwa mhadhiri mstaafu wa kompyuta: "Mwandishi amesoma tangazo, hakusoma leseni. Wala hajajaribu kuiunda programu hiyo mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Angejaribu, asingeandika."

Nimemjibu. Nimembatiza Mzee wa Vifungu, nikamwelezea kama mtu anayekaribishwa chakula akaomba kwanza kukagua sufuria. Mhariri alicheka mpaka akakohoa. "Mama, huyu utamuua." Nikamwambia ndiyo nia.

Machi 10

Mvua. Ndoo mara mbili.

Machi 17

Habari kubwa! Mkurugenzi wa nyumba ya mnada amemwita Nyundo arudi jukwaani, mnada mkubwa wa mwisho wa Mei. Kwanza atafanya zoezi wiki ijayo. Kaka hakuweza kukaa. Alikuwa anazunguka meza, tabuleti kifuani, anakinadi kila kitu, "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Imeuzwa!": birika, viatu vyangu, mkewe.

"Huyu ametunzwa vizuri," tabuleti ikasema, "ila ana mdomo."

"Mwenye mdomo nani?" wifi akamjibu. "Wewe wako unachajiwa."

Machi 24

Niandike taratibu, maana nina hasira na sijui bado nimkasirikie nani.

Ukumbi ulikuwa mtupu isipokuwa mkurugenzi na wasaidizi wake wawili mstari wa mbele, sisi tukiwa nyuma yao. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inadai kitu. Kaka alipanda na shati jeupe ambalo wifi amelipiga pasi tangu jana, tabuleti mbele yake, nyundo mkononi. Waya unatoka kwenye tabuleti kwenda kwenye spika kubwa.

"Mabibi na mabwana," sauti yake ikasema, na ukumbi ukawa wake. "Leo hatuuzi makorokoro. Tunauza makorokoro yenye historia."

Mkurugenzi akacheka. Wifi akanifinya paja. Kaka akaonyesha meza ya kulia chakula. "Familia tatu zimegombana juu ya meza hii na haijawahi kuyumba. Nani atakuwa wa kwanza ku..."

Kimya. Nikadhani anavuta pumzi, nikasahau kuwa siku hizi havuti pumzi ili aseme. Kisha mwanamke nisiyemjua akatoka kwenye spika:

"Samahani. Huduma haipatikani kwa sasa. Tafadhali angalia mtandao wako."

Kaka akabonyeza tena. Yule mwanamke akarudia, kwa sauti tamu, ya upole, kama anayekufungia mlango huku anakutakia siku njema. Kaka akasimama na nyundo mkononi, mdomo wazi. Nimemwona dawa zikimng'oa nywele, nimemwona akilishwa kwa mrija. Sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Mkurugenzi alipanda mwenyewe kumshika mkono. Ni mtu mwema, na hilo lilizidisha uchungu. "Mzee Nyundo, pole sana. Lakini watu wakishaanza kupandishiana bei, siwezi kuwaambia wasubiri mtandao. Katikati ya Mei nipe jibu. Ukiwa na sauti ya kutegemewa, jukwaa ni lako. Vinginevyo itabidi nimwite mwingine."

Tukatoka mvuani. Garini wifi aliniuliza, bila ukali, na ndiyo maana limenikaa: "Wifi, si uliandika hakuna atakayeweza kumzima?"

"Niliandika."

"Sasa nani kamzima?"

Machi 26

Mafuriko yamekata nyaya darajani. Mtaa mzima hauna mtandao. Kaka anazungumza kwa nyundo: moja ndiyo, mbili hapana, tatu chai. Leo amegonga tatu nikampelekea chai, akagonga mbili. Nilisahau sukari.

Msimbo wa kampuni umo ndani ya tabuleti. Niliupakua mimi mwenyewe. Kama uko pale, mezani petu, mbona hausemi?

Machi 28

Nimekwenda kwa Mzee wa Vifungu.

Anakaa juu ya duka la baiskeli, ngazi za chuma zinazoteleza. Akafungua mlango kabla sijabisha.

"Karibu. Marehemu anakukaribisha."

Nilistahili hiyo. Nikaanza kueleza, akanyanyua mkono. "Najua. Imenyesha. Huwa mnanijia ikinyesha."

Chumba kina vitabu hadi jikoni. Kwenye kona kuna kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na tundu lake la waya wa mtandao limezibwa kwa nta ya mshumaa. Anaiita kompyuta kavu. Haijawahi kuunganishwa na mtandao; msimbo huuingiza kwa kijiti cha kumbukumbu. "Mtu akiniambia programu yake ni huria, sibishani naye. Nachukua msimbo alioutoa, naiunda upya hapa. Ikifanya kazi, ni huria. Isipofanya, ni tangazo."

Tukaiunda. Mistari ikakimbia kwenye kioo wakati yeye anamenya machungwa. Programu ikawaka. Nikaandika: Mdogo wangu, ndoo imejaa. Ikaipokea sentensi, ikatafakari, ikaandika kwamba inasubiri mtandao.

"Unaona," akasema. "Wamekupa mdomo. Sauti, ile iliyofundishwa kwa wiki nzima ya kaka yako, haimo. Iko kwenye mashine zao. Kila anachoandika kinasafiri kule, kinasemwa kule, kinarudishwa."

"Kila anachoandika?"

"Hata anachomwambia mkewe."

Kisha akanifungulia leseni, mahali ambapo pamekatazwa kuitumia programu kwa biashara bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo hata mtandao ungekuwepo, kaka akinadi meza anavunja masharti. Nikasema labda katazo hilo linawalenga matajiri. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Programu huria ni huria kwa daktari, kwa mwizi na kwa dalali. Ukianza kuchagua nani atumie na nani asitumie, hiyo ni fadhila. Hakuna ubaya kutoa fadhila. Ila ziite fadhila."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ataipokea gazetini, kwa herufi za ukubwa uleule wa matusi. Halafu akanipa chungwa.

Aprili 2

Nimeandika yote mawili: radhi na shambulio. Makala inaitwa "Mdomo Bila Sauti". Mtandao umerudi na kaka ameisoma. Tabuleti ikasema, "Kali. Lakini umeanza na wewe mwenyewe, hilo jipya."

Aprili 6

Kampuni imejibu: programu yao ni huria "kwa maana pana". Maana pana! Hata ukuta ni mlango kwa maana pana. Nimeandika tena, na aliyesaini jibu hilo, mhandisi wao mkuu wa sauti, nimemwita kasuku wa kampuni.

Aprili 11

Kasuku amekuja nyumbani.

Nilitarajia mtu wa suti. Amekuja mwanamke wa umri wangu, mwavuli umevunjika mkono mmoja, viatu vimejaa maji. Akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwa kaka, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo, Mzee Nyundo. Nimekusikiliza zaidi ya ninavyomsikiliza mume wangu." Alikuwa ndiye aliyekaa na rekodi zake zote, neno kwa neno. Anajua kwamba kaka hukohoa kabla ya neno refu.

Akanywa chai, akatoa alichotumwa. Kampuni itampa kaka sauti yake yote ndani ya tabuleti, isiyohitaji mtandao, na idhini ya kunadi. Kwa yeye peke yake. Mimi niache kuandika kwamba programu si huria, niseme suala limekwisha. Alisema yote hayo akiangalia ndani ya kikombe.

Hapa hanisomi mtu, niseme kweli: nilitaka kukubali. Nimepigana na mawaziri na maprofesa, na ningesalimu amri pale pale kwa sababu ya shati moja jeupe.

Kaka alizima tabuleti. Nikaelewa kwa nini: hakutaka maneno haya yapite kwenye mashine zao. Akachukua kalamu na orodha ya zamani ya bidhaa za mnada, akaandika nyuma yake polepole, kisha akatusukumia. Nainakili hapa:

"Nikiletewa kiti kilichoandikwa miguu minne, nami naona mitatu, sitaji bei kabla sijatangaza kasoro. Baada ya hapo anayekitaka akinunue, wengine hupenda viti vya miguu mitatu. Lakini nikinyamaza, mimi si dalali tena, ni mshirika wao. Mnanipa mimi mguu wa nne ninyamaze. Na waliochukua kiti hiki kwa sababu dada yangu alikisifu gazetini, wao wakae wapi?"

Halafu akagonga. Mara mbili.

Mhandisi akaisoma, akaisoma tena, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Akaikunja, akaiweka mfukoni pakavu, akaondoka na mwavuli wake mbovu.

Aprili 12

Wifi hasemi na sisi. Anaweka sahani mezani kwa kishindo. Jioni akalipuka.

"Nyie na misimamo yenu! Mmoja anaandika, mmoja anagonga. Kuna aliyeniuliza mimi? Sihitaji programu huria. Nahitaji mume aniite jina langu taa zikizimika."

Kaka aliinua nyundo, akairudisha chini bila kugonga.

Aprili 13

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Aprili 19

Wifi tena, na huyu mwanamke nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Tulikuwa tunaosha vyombo, bado amenuna. Nikasema kwa kujihurumia kwamba laiti kaka angesoma sentensi zile kwa mtu mwingine. Rekodi ziko kwa kampuni, na koo halirudi.

"Alisoma wiki moja kwa kampuni," wifi akasema, "ila kwenye mnada alipiga kelele miaka. Na kule si wanarekodi kila kitu?"

Sahani ilinitoka mkononi. Kila mnada hurekodiwa. Watu hubishana baadaye nani alitaja bei kwanza, nani alisema "mia" na nani alikuwa anajikuna sikio. Rekodi huhifadhiwa ili kumaliza ugomvi. Nyumba ya mnada ina kabati zima la ugomvi, na ndani ya kila ugomvi kuna sauti ya kaka yangu.

Kutoka sebuleni likaja pigo moja la nyundo. Alikuwa anasikiliza.

Aprili 21

Mkurugenzi ametukabidhi rekodi zote. "Ni sauti yako," alimwambia kaka. "Sisi tulikuwa tunaitunza tu."

Mzee wa Vifungu amehamia kwenye meza yangu ya chakula. Alipita mvuani na kompyuta kavu ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, kama anabeba mtoto mchanga. Ipo programu nyingine ya kufundisha sauti, ameijaribu kwake na ni huria kweli. Haina tangazo. Haina hata picha. Mwongozo wake ameuandika mtu asiyependa watu.

Aprili 27

Kazi yangu: kusikiliza na kuandika kila neno lililosemwa, ili mashine ijue ni sauti gani inalingana na neno gani. Mimi, niliyezoea kusema watu wakanisikiliza, nakaa kutwa na vipokea sauti masikioni nimsikilize kaka. Sikuwahi kujua kazi yake. Nilidhani ni kelele. Leo nimemsikia akisimamisha mnada kwa ajili ya saa ya ukutani: "Ngojeni. Orodha inasema mashine ya saa hii ni ya asili. Si ya asili, ilibadilishwa. Sasa mnajua, tuendelee." Bei ikashuka. Muuzaji akasikika akitukana. Kaka akaendelea.

Na rekodi nyingine: "Yule mama mwenye kofia ya manjano, mtamsamehe, ni dada yangu, anapandisha bei halafu anakimbia." Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikuwa nimeisahau kofia ile.

Mei 1

Jumamosi. Hodi mlangoni. Mhandisi, mwavuli mpya, hana kitambulisho cha kampuni shingoni.

"Leo si siku ya kazi," akasema. "Sijaja na msimbo wao wala rekodi zao. Nimekuja na masikio."

Mzee wa Vifungu alimhoji mlangoni kama askari wa mpakani mpaka akaridhika. Kisha wakakaa bega kwa bega, wanaondoa kelele za watu, kikohozi, mbwa mmoja. Kufikia saa kumi walikuwa wanagombana kama mtu na mkwewe. Nilimwita kasuku. Nimemwomba radhi. "Kasuku nilikuwa," akasema. "Nipe hiyo ya mnada wa mapazia."

Mei 8

Jaribio la kwanza. Sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kaka akagonga mbili, kwa nguvu.

Mei 13

Wamechomoa waya wa mtandao wa nyumba nzima. Mzee alisisitiza kila mtu ashuhudie. Sauti ikahamishiwa kwenye tabuleti ya kaka, ile programu ya kampuni imefutwa. Kaka akaandika neno moja.

Alimwita mkewe. Jina lake la nyumbani, ambalo siliandiki hapa kwa sababu ni la wawili hao.

Ilikuwa ni yeye. Ile ya kampuni ilikuwa kaka akisoma kwa adabu mbele ya maikrofoni. Hii ni kaka mwenyewe, mkavu, na mkwaruzo wake. Ila kuna kitu kimoja. Mashine imejifunza kutoka kwenye minada tu, na dalali humalizia kila sentensi kwa kupandisha, akisubiri mtu ataje bei. Kwa hiyo jina la wifi lilipanda mwishoni, likaning'inia hewani likingoja wanunuzi.

Wifi alikuwa ameshika mlango. "Unaniuza?"

Kaka akaandika. "Hapana. Nimeshakununua. Nasubiri nipewe mzigo."

Tulicheka mpaka Mzee wa Vifungu akavua miwani kuifuta. Mhandisi alitoka kusimama barazani kidogo. Anasema mpando ule anaweza kuurekebisha. Kaka akagonga mbili.

Mei 15

Mkurugenzi amemsikiliza, mtandao umezimwa. Jukwaa ni la kaka.

Mei 22

Tangazo la kampuni limebadilika. Neno "huria" limetoka. Sasa limeandikwa "programu ambayo sehemu ya msimbo wake imewekwa wazi". Mhariri anataka makala ya ushindi. Nimemwandikia mistari miwili: kiti cha miguu mitatu sasa kimeandikwa miguu mitatu, na nawashukuru. Akapiga simu kuuliza kama naumwa.

Mhandisi hasemi ni nani aliyeibandika ile karatasi ya kaka kwenye ukuta wa chumba chao cha mikutano. Simuulizi. Mzee wa Vifungu naye ameandika upya ule mwongozo kwa lugha ya binadamu na kuuweka wazi kwa yeyote. Tayari mwalimu mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama wa kaka ameandika kuuliza kama video za harusi zinafaa. Zinafaa.

Mei 29

Mnada. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Mtandao ulikatika kabla ya saa tano, niliona kwenye simu yangu. Kaka hakujua. Aliendelea kunadi kabati, mazulia, ile meza ya familia tatu. Nilivaa kofia ya manjano. Alinipiga marufuku mbele ya watu wote.

Mei 31

Mvua ya mwisho pengine. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni kati ya wanafalsafa waliolowa, na nilikuwa nataka kumaliza kwa jambo kubwa kuhusu umma na mali yake. Nimelitafuta tangu asubuhi. Mtandao umekatika tena, mtaa mzima kimya, na kutoka chini inapanda ngazi sauti ya dalali:

"Mdogo wangu, ndoo imejaa! Mara ya kwanza! Mara ya pili..."

Naenda, naenda.